Kingo Safi: Namna ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Saratani ya Titi Unaoongozwa na Picha

Saratani ya titi haina mpaka unaoonekana kwa macho. Uvimbe wenyewe daktari anaupapasa na kuukata, lakini nyuzi zake nyembamba zilizojipenyeza kwenye nyama ya jirani hazishikiki kwa kidole, na ukizitazama zinafanana na nyama nzima. Ndiyo maana wako wanawake wanaoambiwa operesheni imekwenda vizuri, kisha baada ya wiki moja au mbili wanaitwa tena: maabara imekuta saratani ukingoni, itabidi warudi thieta. Uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za Uingereza, ulioangalia wanawake zaidi ya 55,000 waliofanyiwa upasuaji wa kuhifadhi titi kati ya 2005 na 2008, ulikuta kwamba mmoja kati ya kila watano alifanyiwa upasuaji mwingine.

Kurudi thieta ni mzigo: nusukaputi ya pili, kidonda kipya, titi linalozidi kupoteza umbo, nauli, siku za kazi zilizopotea, na tiba ya mionzi inayosogezwa mbele. Kwa mgonjwa aliyetoka kijijini hadi hospitali ya rufaa kwa michango ya ndugu, safari ya pili inaweza kushindikana kabisa.

Teknolojia za picha zimeingia kwenye upasuaji wa titi ili daktari aone ukingo wakati kisu bado kiko mkononi. Baadhi ni mpya na ziko ng'ambo. Nyingine ziko kwenye hospitali zetu tayari. Asubuhi zinatazama mimba, na mchana zinaweza kutumika thieta. Hatua zinazofuata ni zako wewe mgonjwa, na pia wewe mume, mama, dada au mtoto unayemsindikiza. Uamuzi wa kitabibu ni wa daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe, lakini mgonjwa anayejua la kuuliza huamua vizuri zaidi.

1. Hakikisha kwanza kama titi lako linaweza kuhifadhiwa

Upasuaji wa kuhifadhi titi maana yake ni kutoa uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo kuuzunguka, na kuacha titi lililobaki. Ni kama unavyotoa sehemu iliyooza kwenye embe: kisu hupita pembeni kidogo, ndani ya nyama nzuri, ili kusibaki alama ya uozo.

Wanawake wengi huhofu kwamba kuacha titi ni kuacha saratani. Swali hilo lilijibiwa kwa tafiti mbili kubwa zilizoanza miaka ya 1970, moja Milan nchini Italia chini ya Umberto Veronesi, nyingine Marekani chini ya Bernard Fisher. Wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliohifadhiwa titi waliishi muda sawa na walioondolewa titi lote.

Lakini mionzi ina sehemu yake katika jibu hilo. Katika utafiti wa Fisher, wanawake waliotolewa uvimbe bila kupewa mionzi, saratani iliwarudia kwenye titi lile lile kwa asilimia 39 ndani ya miaka 20. Waliopewa mionzi, asilimia 14. Kwa hiyo kabla ya kukubali upasuaji wa kuhifadhi titi, uliza: mionzi nitaipata wapi, lini, na nani atalipa? Kwa Tanzania mionzi inapatikana katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza. Kenya iko Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na vituo vingine. Uganda iko Taasisi ya Saratani, Kampala. Rwanda iko Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, Kigali. Mionzi hutolewa siku nyingi mfululizo, kwa hiyo fikiria pia utalala wapi. Kama huwezi kabisa kuifikia, mweleze daktari waziwazi. Huenda kuondoa titi lote kukawa salama zaidi kwako, na hakuna aibu katika uamuzi huo.

Mambo mengine yanayoamua ni ukubwa wa uvimbe ukilinganisha na titi, kama uvimbe ni mmoja au umetapakaa sehemu kadhaa, kama titi liliwahi kupigwa mionzi, na kama una mimba.

2. Kusanya picha zako zote na majibu ya kinyama

Daktari hawezi kuongozwa na picha asiyokuwa nayo. Andaa bahasha moja kubwa, au mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, na uweke humo picha za mamografia, picha na ripoti za ultrasaundi, CD kama umepewa, na majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kwenda kupimwa maabara. Picha za filamu usizikunje. Piga nakala za ripoti, nyingine zipige picha kwa simu. Siku ya upasuaji bahasha hiyo iende nawe hadi kwa muuguzi wa thieta, isibaki nyumbani wala kwenye gari.

Hakikisha kinyama kimechukuliwa kwa sindano nene kabla ya upasuaji mkubwa. Kuna mahali uvimbe hukatwa na kutolewa wote kwanza, ndipo upelekwe maabara kujua ni nini. Ikibainika kwamba ni saratani, daktari wa pili anakuta kovu na damu iliyoganda mahali palipokuwa na uvimbe, na ukingo wake haujulikani tena. Sindano inatoa jibu huku uvimbe ukiwa bado mahali pake, na operesheni inapangwa mara moja, kwa uhakika.

Katika ripoti tafuta maelezo ya mahali: titi la kulia au la kushoto, umbali kutoka kwenye chuchu kwa sentimita, na namba ya uso wa saa. Madaktari huligawa titi kama uso wa saa ya ukutani, na namba wanayoandika ndiyo ile iliyochorwa kwenye uso huo. Usiigeuze kuwa saa za Kiswahili unapomsimulia daktari mwingine. Kama ripoti moja inasema kulia na nyingine inasema kushoto, usinyamaze hata dakika moja.

3. Ukianzishiwa dawa kabla ya upasuaji, omba alama iwekwe

Hatua hii husahaulika mara nyingi, na kuisahau kunaumiza. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, na daktari huanza na kemo ili kuupunguza kabla ya kukata. Dawa ikifanya kazi vizuri, uvimbe unasinyaa, na wakati mwingine unapotea kabisa kwenye picha. Ni habari njema, ila sasa daktari wa upasuaji hajui akate wapi. Mahali ulipokuwa uvimbe bado panahitaji kutolewa na kupimwa.

Suluhisho ni klipu, kipande kidogo sana cha chuma, kinachosukumwa kwa sindano hadi katikati ya uvimbe daktari akiongozwa na ultrasaundi. Hakiumi, hakizuii chochote, na kinaonekana kwenye mamografia miezi kadhaa baadaye. Uliza kabla ya dozi ya kwanza ya kemo: je, klipu itawekwa? Kama tezi ya kwapani nayo ina saratani, je, itawekewa alama pia?

Pale ambapo klipu haipatikani, omba uvimbe upimwe na kuandikwa kwa makini, mipaka yake ichorwe juu ya ngozi na kupigwa picha, na ultrasaundi irudiwe wakati kemo inaendelea, kabla uvimbe haujapotea. Alama ya namna hiyo ni dhaifu kuliko klipu, lakini ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu.

4. Kama uvimbe haushikiki, jua utaelekezwa kwa nini

Saratani iliyogunduliwa mapema huwa ndogo kiasi kwamba hakuna kidole kinachoihisi. Inaonekana kwenye picha tu, pengine kama chembechembe nyeupe za kalisi kwenye mamografia. Hapo daktari wa upasuaji anahitaji kiongozi ndani ya nyama.

Njia ya miaka mingi ni waya. Asubuhi ya upasuaji unapelekwa chumba cha picha. Titi linabanwa kwenye mashine ya mamografia au linatazamwa kwa ultrasaundi, unachomwa ganzi, kisha sindano inaingizwa hadi kwenye uvimbe. Ndani ya sindano mna waya mwembamba wenye ndoano nchani. Sindano ikitolewa, ndoano inang'ang'ania pale pale, na ncha ya pili ya waya inabaki nje ya ngozi, ikifunikwa kwa shashi na plasta. Daktari wa upasuaji atafuata waya huo hadi kwenye saratani.

Kwa siku hiyo vaa blauzi yenye vifungo mbele au jifunge kanga, ili usilazimike kupitisha nguo kichwani. Usinyanyue mkono wa upande huo juu sana, usibebe mtoto wala mzigo, na usiguse plasta. Ukihisi waya umesogea, sema kabla hujaingizwa thieta. Waya uliosogea humpeleka daktari mahali pasipo.

Marekani na Ulaya hospitali nyingi zimeanza kuacha waya na kutumia mbegu ndogo kama punje ya mchele. Zipo za sumaku, zipo zinazoakisi mawimbi ya rada, na zipo zenye mionzi hafifu ya iodini. Mbegu inaweza kuwekwa siku kadhaa kabla, na thieta daktari anaisaka kwa kifaa cha mkononi kinacholia kwa nguvu zaidi kadiri anavyoikaribia. Faida yake kwa mgonjwa ni kwamba asubuhi ya upasuaji inakuwa nyepesi. Kama unatibiwa huko, uliza ipi inatumika, na taja mapema kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

5. Uliza kuhusu ultrasaundi ndani ya thieta

Kama utauliza jambo moja tu kuhusu picha, uliza hili. Madaktari wengi wakikuta uvimbe unaoshikika hutegemea vidole vyao: wanapapasa, wanakata, wanapapasa tena. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 134 wenye uvimbe unaoshikika. Takriban nusu walipasuliwa kwa kupapasa, waliobaki kwa kuongozwa na ultrasaundi wakati wa kukata. Waliopapaswa, asilimia 17 walikutwa na saratani iliyofika ukingoni. Walioongozwa na ultrasaundi walikuwa asilimia 3.

Tofauti hiyo haikuletwa na mashine ya ajabu. Ultrasaundi haina mionzi, inaweza kusukumwa kwa magurudumu hadi thieta, na daktari wa upasuaji anaweza kufundishwa kuitumia. Kinachohitajika ni kichwa kilichonyooka chenye masafa ya juu, tofauti na kile kilichopinda kinachotumika kutazama mimba, pamoja na mfuko safi wa kukifunika ili kisilete vijidudu kwenye kidonda.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ukiwa umeshalala kwa nusukaputi, daktari anaweka kichwa cha mashine juu ya ngozi na kuuona uvimbe kama kivuli cheusi. Anachora duara kwa kalamu kwenye ngozi. Anapokata, anarudisha kichwa cha mashine kila mara: juu, chini, upande wa chuchu, upande wa kwapa, akipima ni milimita ngapi za nyama nzima zimebaki kati ya kisu na kivuli. Kipande kikitoka, anakitazama tena mezani.

Kwa hiyo muulize daktari, kwa heshima: "Je, uvimbe wangu unaonekana vizuri kwa ultrasaundi, na unaweza kuitumia wakati wa kunipasua?" Akikujibu kwamba hawana utaratibu huo, muulize kama daktari wa radiolojia anaweza angalau kuuchora uvimbe kwenye ngozi muda mfupi kabla ya upasuaji, ukiwa umelala kwa mkao ule ule wa mezani. Fahamu pia mpaka wa chombo hiki. Chembechembe za kalisi mara nyingi hazionekani kwa ultrasaundi, na hapo mamografia ndiyo inayoongoza.

6. Fuatilia kipande kilichotolewa

Uvimbe ukishatoka, safari ya kipande hicho ni muhimu sawa na operesheni yenyewe.

Kwanza, lazima kijulikane upande wake wa juu ni upi. Daktari hushona nyuzi mbili, kwa kawaida fupi upande wa juu na ndefu upande wa nje. Bila nyuzi hizo, maabara ikikuta saratani ukingoni haitaweza kusema ni ukingo upi, na upasuaji wa pili utakuwa wa kubahatisha.

Pili, kama saratani ilionekana kwenye mamografia, au kama iliwekwa klipu au waya, kipande kinapaswa kupigwa eksrei papo hapo wakati mgonjwa bado yuko mezani. Daktari anatafuta mambo mawili kwenye picha: je, klipu na chembechembe zimo ndani ya kipande? Na je, ziko katikati au zimesogelea ukingo mmoja? Zikiwa zimesogelea, anakata nyama zaidi upande huo kabla ya kushona.

Tatu, ipo mbinu isiyohitaji mashine yoyote. Baada ya kutoa uvimbe, daktari anakwangua ukuta mzima wa shimo na kutoa tabaka jembamba la ziada kila upande. Utafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa 235, ulionyesha kwamba mbinu hiyo ilipunguza waliohitaji kurudi thieta kutoka asilimia 21 hadi 10. Hospitali isiyo na vifaa vya picha bado inaweza kufanya hivyo, na unaweza kuuliza.

Nne, hili ni la wasindikizaji, kwa sababu mahali pengine ndugu ndiye anayekabidhiwa chupa na kuambiwa aipeleke maabara. Kipande kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Kisiwekwe kwenye maji matupu wala maji ya chumvi, kwa sababu kitaanza kuharibika na vipimo vya homoni vitatoa majibu ya uongo. Formalini iwe nyingi, takriban mara kumi ya ukubwa wa kipande. Chupa iwe na kifuniko kinachobana, na jina la mgonjwa, namba ya faili, upande wa titi na saa kilipotolewa viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Ipeleke siku hiyo hiyo, na udai risiti ya kupokelewa.

7. Mwanga unaoonyesha saratani: unachoweza kutarajia

Picha zote tulizozitaja zinaonyesha uvimbe au kipande kilichotoka. Teknolojia mpya zaidi inatazama shimo lenyewe, yaani nyama iliyobaki ndani ya titi. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa iitwayo pegulicianine, inayouzwa kwa jina la Lumisight, pamoja na kamera yake ya mkononi iliyotengenezwa na kampuni ya Lumicell.

Dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa muda wa saa 2 hadi 6 kabla ya kupiga picha. Ikiwa peke yake haing'ai. Inapokutana na vimeng'enya ambavyo saratani na nyama inayoizunguka huvitoa kwa wingi, hukatwa vipande, na vipande hivyo hung'aa vikimulikwa. Daktari akishatoa uvimbe huingiza kamera ndani ya shimo na kuigusisha kwenye ukuta, upande kwa upande. Palipobaki saratani panaweza kuonekana kwenye skrini, na anakata hapo hapo.

Utafiti uliofungua njia ya idhini hiyo ulifanyika kwenye hospitali 14 za Marekani. Kati ya wagonjwa 357 walioongozwa na mwanga huo, 27 walikutwa na saratani iliyokuwa imebaki baada ya daktari kumaliza upasuaji wa kawaida. Kati ya 62 ambao kingo zao zilikuwa na saratani, 9 waliepushwa na upasuaji wa pili. Ni msaada wa kweli kwa wanawake hao. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba mwanga uligundua takriban nusu tu ya kingo zenye saratani. Skrini isiyong'aa haimwambii mtu amepona.

Kama wewe au ndugu yako mko Marekani na mmepewa nafasi hii, zingatieni haya. Dawa ina onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuhatarisha maisha, kwa hiyo mtaje kila mzio uliowahi kumpata mgonjwa, na baada ya sindano akae chini ya uangalizi. Mkojo unaweza kuwa wa bluu, na si dalili ya hatari. Na kama kutatumika pia rangi ya bluu kutafuta tezi za kwapani, madaktari wanapaswa kuisubirisha hadi kamera imalize kazi, kwa kuwa rangi hiyo huivuruga picha.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki nasema hivi kwa moyo wote: usiahirishe matibabu ukisubiri mwanga huu, wala usiuze shamba ili uufuate. Ultrasaundi, eksrei ya kipande, mkono uliozoea na maabara makini vitakufikisha mbali.

8. Tezi za kwapani nazo zina picha yake

Saratani ikitoka kwenye titi mara nyingi hupita kwanza kwenye tezi za kwapani. Zamani tezi nyingi zilitolewa kwa kila mgonjwa, na wengi walibaki na mkono uliovimba maisha yao yote. Siku hizi, kama tezi hazionyeshi dalili ya saratani, daktari hutafuta ile moja au chache zinazopokea maji ya titi kwanza, azitoe na kuzipima. Zikiwa safi, nyingine zinaachwa.

Kuzipata hutumika rangi ya bluu, dawa yenye mionzi hafifu inayosikika kwa kifaa, chembe za chuma zinazonaswa kwa sumaku, au rangi ya kijani iitwayo indosianini inayong'aa chini ya kamera maalumu. Rangi ya bluu ndiyo rahisi kupatikana. Ikitumika, usishtuke ukiona mkojo wa kijani siku hiyo, au doa la bluu kwenye ngozi ya titi linalochukua muda kufutika. Indosianini ina iodini, kwa hiyo taja kama iodini inakudhuru. Na kama ulichomwa chembe za chuma, mjulishe kila atakayekupiga MRI baadaye, kwa sababu zinaweza kuvuruga picha.

9. Soma ripoti ya patholojia mstari kwa mstari

Hakuna picha ya thieta yenye neno la mwisho. Neno la mwisho ni la darubini. Maabara hupaka wino kwenye uso wote wa kipande, kisha hukikata vipande vyembamba na kutazama kama seli za saratani zimegusa wino.

Mwaka 2014 vyama vya Marekani vya madaktari wa upasuaji wa saratani na wa mionzi vilikubaliana kwamba kwa saratani iliyopenya, ikifuatiwa na mionzi ya titi lote, inatosha wino usiguswe. Kukata nyama nyingi zaidi ya hapo hakuongezi usalama. Kwa saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, mwongozo wa 2016 uliweka milimita 2. Kwa hiyo ukisoma "kingo safi" huku umbali ukiwa milimita 1, usiogope kabla hujamuuliza daktari saratani yako ni ya aina gani.

Ripoti kamili itaje ukubwa wa uvimbe, daraja lake, hali ya kila ukingo, idadi ya tezi zilizotolewa na zilizokutwa na saratani, pamoja na vipimo vya homoni (ER na PR) na cha protini ya HER2. Kikikosekana kimojawapo, uliza. Dawa utakazopewa baada ya hapo zinategemea vipimo hivyo.

Na kama ukingo mmoja una saratani, rudi thieta mapema. Haina maana kwamba daktari alizembea au wewe umelogwa. Ni mabaki yaliyoonekana kwa darubini, na kuyatoa sasa ni rahisi kuliko kuyasubiri yawe uvimbe mpya.

10. Maswali ya kwenda nayo

Yaandike kwenye daftari na uende na mtu wa kukusaidia kusikiliza, kwa kuwa akili yenye hofu husahau nusu ya yaliyosemwa.

- Je, ninafaa kuhifadhi titi, na mionzi nitaipata wapi na lini?
- Kinyama kilichukuliwa kwa sindano? Majibu kamili yako wapi?
- Nikianza kemo, klipu itawekwa kabla?
- Uvimbe utatafutwaje thieta: kwa vidole, waya, mbegu au ultrasaundi?
- Kipande kitapigwa eksrei kabla hamjanishona?
- Utashona nyuzi za kuonyesha pande zake?
- Utatoa tabaka la ziada kwenye ukuta wa shimo?
- Tezi za kwapani zitapimwa kwa njia gani?
- Nani atapeleka kipande maabara, na formalini ipo?
- Kingo zikiwa na saratani, upasuaji wa pili utakuwa lini, na gharama yake ni ipi?

Daktari mzuri hakasirikii maswali haya. Akijibu moja baada ya jingine, utakuwa umejua pia jinsi hospitali hiyo ilivyojipanga.

Jambo la mwisho ni muda. Vifaa vyote hivi hufanya kazi vizuri zaidi kwa saratani ndogo, na saratani hubaki ndogo kwa anayewahi. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwanamke mwenye dalili apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya. Lifanye lengo hilo kuwa lako. Ukiambiwa "rudi baada ya miezi mitatu tuone" bila picha wala sindano, omba rufaa. Na siku ya kuruhusiwa baada ya upasuaji, kabla hujafunga mzigo, hakikisha una mambo matatu kwa maandishi: namba ya kipande chako maabara, tarehe ya kuchukua majibu, na jina la kliniki itakayokupokea kwa mionzi au dawa.